Miaka minne mgongo wa juu unaniuma, kumbe nilikua nakaza meno kutwa nzima (fundi cherehani, Dodoma)

FundiMajengo

Habari za saa hizi wakuu, na wa nyumbani nawasalimu, Mbukwenyi. Uzi ni mrefu mnivumilie, mana hili jambo limenikaa moyoni na najua humu kuna mtu anateseka kama nilivyoteseka mimi na hajui anaanzia wapi.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, nina kibanda changu Majengo na hii kazi naifanya tangu 2009. Maumivu yalianza 2020, mwanzoni nikayapuuza. Ni huku juu mgongoni katikati ya mabega, upande wa kulia zaidi, kama mtu amekukandamiza kidole gumba akakiacha hapohapo. Ikifika jioni yanapanda shingoni, na asubuhi naamka panja zimekaza kama niliyelala nimefungwa kitambaa kichwani.

Nimehangaika jamani. Nimepimwa typhoid, nimepimwa UTI, nimepigwa eksirei naambiwa mifupa haina shida. Nimemeza diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Nikabadilisha godoro, nikabadilisha kiti, meza ya cherehani nikaipandisha kwa matofali. Shangazi yangu akaja kutoka Mpwapwa akanichua wiki nzima na mafuta ya moto, Mungu ambariki, siku mbili za mwanzo nikajiona nimepona alaf yakarudi yaleyale. Kuna daktari mmoja aliniambia "mama hayo ni ya kazi, pumzika", sasa nikipumzika watoto wanakula nini.

Mwaka juzi nikampeleka mwanangu kung'oa jino. Yule daktari wa meno akawa anaongea na mimi alaf akanyamaza ananiangalia shavu, akaniuliza mama wewe unasaga meno usiku? Nikasema hapana. Akaniambia hapo kwenye kona ya taya misuli imevimba kama ya mtu anayebeba vyuma, fungua mdomo nione. Akanionyesha kwa kioo. Meno ya nyuma yamelika yamekua bapa, pembeni ya ulimi kuna alama za meno kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa zigizaga, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe. Alaf akauliza swali lililonishtua, shingo na mgongo wa juu vipi?

Sikua nimemwambia kitu kuhusu mgongo.

Nilivyorudi kazini nikaanza kujichunguza ndo nikaona mambo. Mimi nashika pini mdomoni, mafundi wenzangu mnajua, pini sita saba kwenye meno huku unapanga pindo, kichwa umeinamisha, huwezi kulegeza taya hata kidogo mana pini zitadondoka au utazimeza. Uzi nakata kwa meno. Na hata pini zikiisha nikajikuta meno bado yamebanwa kwasababu nafukuzana na saa. Usiku nako nasaga, nilivyomuuliza mume wangu akasema mbona nasaga miaka yote yeye alijua ndo nilivyo. Piga hesabu ni masaa mangapi hayo.

Nitaendelea, kuna mteja.

Kijana wa Mtumba

Pole sana dada. Ila mimi kwa heshima zote siamini sana hii ya taya. Mgongo wa juu unauma kwa kukaa umeinama, basi. Mimi nakaa kwenye kompyuta kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka jioni hapa mji wa serikali na naumwa palepale unapopasema, na pini sishiki. Wewe ulikua umeinama miaka yote hiyo, hiyo ndo sababu, meno yameingiaje?

fizio_kanda_ya_kati

Mleta uzi asante, umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi ninaowapokea. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, nipo hapahapa Dodoma, ngoja niweke mchango.

Kijana wa Mtumba uko sahihi nusu. Kuinama ni sababu kubwa, kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 4 na nusu mpaka 5 na kikitangulia mbele misuli ya nyuma ya shingo na ile bapa kubwa inayotoka kisogoni mpaka katikati ya mgongo, trapeziasi, inakua imekishikilia kutwa nzima kama mtu aliyeshika ndoo kwa mkono ulionyooka. Ila taya halijakaa peke yake kule mbele. Fanya hivi hapo ulipo. Inua uso uangalie dari, gonga meno taratibu. Sasa inamisha kidevu mpaka karibu na kifua ugonge tena. Umeona? Yanakutana sehemu tofauti. Shingo ikibadili mkao taya nalo linabadili, na mtu anayeinama kutwa taya lake linafanya kazi kwenye mkao ambao sio wake.

Na kinyume chake ni kweli. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå kule Uswidi walipima mwendo wa taya na kichwa kwa pamoja, wakaona mtu akifungua mdomo kichwa nacho kinainuka kidogo kurudi nyuma, akifunga kinashuka. Yaani ubongo unaviendesha pamoja. Kwahiyo kutafuna, kuongea, kupiga miayo, shingo imo ndani ya kazi. Na mtu akikaza meno kwa nguvu misuli ya shingo inakaza pia ili kichwa kisiyumbe. Weka vidole kwenye panja ukaze meno, utasikia misuli inaruka. Hamishia vidole pembeni ya shingo ukaze tena zaidi, wengi mtasikia na pale pamestuka.

La mwisho ambalo watu wengi hulishangaa. Kuna msuli mwembamba kama mkanda unaitwa omohayoidi, unaanzia ukingo wa juu wa kombe la bega, unapita pembeni ya shingo, unaenda kujishika kwenye kamfupa kadogo hapa kooni chini ya kidevu. Na kale kamfupa kameshikwa na misuli mingine inayoenda kwenye taya la chini. Kwahiyo kati ya bega lako na taya lako kuna njia ya nyama kabisa, sio maneno tu.

MamaDoli_Ipagala

Jamani nimegonga meno kwenye dari na kwenye kifua mara kumi hapa wanangu wananishangaa 😅 ni kweli kabisa yanakutana tofauti.

Naomba kuuliza fizio, mwanangu ana miaka sita anasaga meno usiku mpaka chumba cha pili tunasikia, bibi yake anasema ni minyoo. Ndo kusema na yeye ataumwa mgongo?

fizio_kanda_ya_kati

Mama Doli, watoto wengi wanasaga na wengi wao huacha wenyewe wakikua. Minyoo mpe dawa kwa ratiba yake kama kawaida mana minyoo ni shida yenyewe, ila usitegemee kwamba kusaga kutaisha kwasababu ya dawa hiyo. Angalia kama anakoroma au anapumua kwa mdomo usiku, hiyo ndo ya kumwambia daktari. Mgongo usiwe na wasiwasi.

FundiMajengo

Nimerudi. Fizio umenisaidia sana, hayo ya msuli wa bega mimi sikuambiwa.

Kijana wa Mtumba sijakasirika, hata mimi nilisema maneno hayohayo. Nilimwambia yule daktari wa meno "mimi nimekuja na mtoto, mgongo wangu umeingiaje hapa". Ila naomba ufanye kitu kimoja, weka alamu ya simu kila saa kesho kazini, ikilia usibadilishe kitu, jiulize tu meno yangu yamegusana au hayajagusana. Mana kitu ambacho mimi sikukijua nikiwa na miaka 37 ni kwamba meno hayatakiwi kugusana ukiwa umetulia. Nilidhani mdomo ukifungwa na meno yanafungwa. Kumbe midomo ifunge, meno yaachane kidogo, ulimi upumzike juu kwenye paa la mdomo nyuma ya meno ya mbele. Meno yanakutana wakati wa kutafuna na kumeza, ukijumlisha kwa mtu wa kawaida hata nusu saa kwa siku haifiki. Mimi nilikua nayakutanisha masaa kumi.

Sasa nilifanya nini. Pini kwanza. Nilishona kijimto kidogo cha kufunga mkononi kama saa, ndani nikajaza vipande vya nguo, pini zote zinakaa pale. Wiki ya kwanza ilikua ngumu mana mkono unaenda mdomoni wenyewe. Mkasi mdogo nikaufunga kamba shingoni ili nisipate sababu ya kukata uzi kwa meno. Bigijii nikaacha, nilikua natafuna moja mpaka jioni. Mahindi ya kuchoma na muwa nikaacha kwa miezi miwili, nikala ugali na mlenda, wali, maharage yaliyoiva vizuri. Taulo ya maji moto kwenye mashavu na kwenye mabega kabla ya kulala, dakika kumi kumi na tano. Na kila nikimaliza nguo moja nasimama, nazungusha mabega kurudi nyuma, navuta kidevu kirudi ndani kama mtu anayetengeneza kidevu cha pili.

Nikatengenezewa na kile kiplastiki cha kuvaa usiku kwenye meno. Sitaficha bei yake iliniuma, nililipa kwa awamu. Hakijazuia kusaga, nasaga bado, ila nasaga plastiki sio meno, na asubuhi panja zimekua nyepesi.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Mwezi wa tatu siku moja jioni nafunga kibanda ndo nikagundua kwamba tangu asubuhi sijaugusa mgongo wangu kwa mkono. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia.

Mzee Kibaigwa

Pole binti yangu na hongera. Mimi ni mkulima wa alizeti na mahindi, magunia nimebeba tangu ujana kwahiyo mgongo kuuma sishangai. Ila nina hili, mwaka 2015 nilitolewa magego mawili ya kushoto chini, tangu hapo natafuna kulia tu. Taya la kulia linalia ka! kila nikifungua mdomo, na bega la kulia ndilo linaloniuma zaidi. Je yana uhusiano au ni uzee?

fizio_kanda_ya_kati

Shikamoo mzee. Huo mlio wa ka! peke yake bila maumivu na mdomo unafunguka vizuri sio ugonjwa wa kutibu, watu wengi taya linalia miaka na miaka bila tatizo. Jipime, vidole vitatu vya mkono wako ukivisimamisha viingie kati ya meno ya juu na ya chini ya mbele. Kwa kawaida mdomo unafunguka kama sentimita 4 mpaka 5. Vikiingia viwili tu, au ukifungua unauma, au kuna siku linagoma kabisa, hapo muone daktari wa kinywa na meno.

Kuhusu bega siwezi kukuambia kwamba ni magego, nitakua nakudanganya. Kutafuna upande mmoja kunachosha misuli ya upande huo, ila na gunia najua hukua unalibeba mabega yote mawili. Unaliweka bega gani?

Mzee Kibaigwa

Marahaba. Kulia.

fizio_kanda_ya_kati

Basi mzee tuanze na gunia.

Na hapa niseme kitu kwa wote, mana naona watu wanaanza kujishika mataya. Watu wenye shida ya taya wengi wao wana maumivu ya shingo na mabega, hilo linajulikana na mimi naliona kila wiki. Ila kwamba taya ndo limesababisha mgongo au mgongo ndo umesababisha taya, mara nyingi huwezi kutenganisha, vinapeana mzigo. Misuli ya juu ya trapeziasi ikiwa na vifundo, vile unavyovisikia kama punje za mahindi ukibonyeza, maumivu yake yanaweza kwenda mpaka kwenye panja na kona ya taya. Daktari Janet Travell, yule mama aliyekua daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, ndo alifanya kazi kubwa ya kuchora ramani za maumivu ya namna hii yanayotokea sehemu moja na kusikika nyingine. Na sababu ya kusikika kwingine inaeleweka, mshipa mkubwa wa fahamu wa uso na taya unaitwa trijemino, nyuzi zake zinashuka mpaka ndani ya uti wa mgongo sehemu ya juu ya shingo, zinakutana palepale ambapo mishipa mitatu ya kwanza ya shingo inaingia. Ubongo ukipokea habari kutoka hapo unaweza kukosea nyumba.

Kwahiyo ukitibu upande mmoja ukasahau mwingine, yanarudi. Fundi alibadilisha kiti na godoro akasahau meno. Mwingine atavaa kiplastiki usiku alaf anaendelea kuinamia simu masaa nane.

NesiMstaafu

Wanangu nimewasoma wote, naomba mnisikilize kwenye hili kwasababu nimefanya kazi wodini miaka mingi.

Taya na mgongo wa juu vikiuma pamoja kwa ghafla, ukiwa na kifua kubana, jasho jembamba, kuishiwa pumzi, kichefuchefu, mkono mzito, usikae kusoma habari za misuli. Huo unaweza kua moyo. Wanawake hasa, kuna ambao kifua hakiumi sana, wanasikia taya na mgongo na uchovu tu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiendeshe mwenyewe, usisubiri asubuhi.

La pili, ulijikata, ulichomwa na mwiba au msumari siku au wiki kadhaa nyuma, sasa taya linakaza halifunguki, shingo na mgongo vinakakamaa. Hiyo ni pepopunda. Huku kwetu watu wanatembea pekupeku kwenye mazizi, msichukulie poa, hakikisheni chanjo.

Na la tatu, mgongo unauma usiku hata ukilala, unapungua uzito, homa za jioni, jasho linalolowesha shuka, kikohozi. Hapo tunafikiria TB, mana TB inaingia mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Mikono ikifa ganzi au miguu ikikosa nguvu, haraka zaidi.

Na diklofenaki za kumeza kila siku kwa miezi acheni, zinatoboa tumbo na figo zinaharibika, nimewaona kwa macho yangu.

FundiMajengo

Asante mama yangu, diklofenaki ni kweli, mimi niliishia kutibiwa vidonda vya tumbo.

upendo_changombe

Dada fundi umeniliza. Mimi sio fundi, nauza mboga, ila nasaga meno tangu mwaka jana nilipochukua mkopo kausha damu. Kila asubuhi naamka taya limechoka kama nilikua natafuna usiku kucha na mgongo huku juu hauguswi. Nikiwaza marejesho ya ijumaa najiona kabisa meno yanabana. Hapo nifanyeje mana pini sina za kuacha.

FundiMajengo

Upendo mdogo wangu, pole sana. Na mimi sikusema yote pale juu. Mwaka 2020 yalipoanza ndo mwaka ambao kazi zilikata, sherehe hakuna, shule zimefungwa hakuna sare, na nilikua na deni la cherehani ya ovaloki. Ukiniuliza leo naamini meno yalianza kwenye lile deni, pini zilikuja kuongezea tu. Kwahiyo sitakuambia "punguza mawazo", niliambiwa hivyo na ilikua inanikera, deni haliondoki kwa kupunguza mawazo.

Nilichofanya mimi nilitafuta kitu cha kunikumbusha. Nimefunga kipande cha uzi mwekundu kwenye cherehani, jicho langu likikigusa tu nalegeza meno, napumua kwa pua, nashusha mabega. Wewe funga kwenye mzani wako wa mboga. Deni litakuepo ila taya haliwezi kulilipa. Na usiku usilale na simu mkononi unapiga hesabu, andika hesabu kwenye daftari jioni ulifunge. Kuhusu hayo marejesho njoo pm, kuna kikundi chetu cha kina mama cha kukopeshana, riba yake ya kibinadamu.

Kijana wa Mtumba

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni. Alamu nimeweka jana na leo. Jana imelia mara nane, mara sita meno yalikua yamebana, na hizo mara mbili nyingine nilikua nakula na naongea na simu. Leo mara tano. Sikua najua kabisa. Leo kwenye kikao nimejikuta nimebana mpaka sikio linavuma.

Dada naomba radhi. Kiti sijasema sio tatizo, kioo cha kompyuta nimekipandishia juu ya boksi la karatasi za printa kiwe usawa wa macho, ila na hili la meno nimelibeba.

FundiMajengo

Usiombe radhi kaka yangu, umejipima, wengi hawajipimi.

Na nisije nikawadanganya kwamba nimepona moja kwa moja. Januari hii msimu wa sare nilishona mpaka saa sita usiku wiki mbili mfululizo, yakarudi, siku nne sikuweza kugeuza shingo kulia. Tofauti ni kwamba sasa hivi najua pa kuanzia, nikarudi kwenye taulo na kijimto na kusimama simama, wiki ya pili yakashuka, bila kidonge hata kimoja.

binti_ovaloki

Dada mimi najifunza ushonaji huku Chang'ombe mwezi wa nne sasa. Mwalimu wangu alinifundisha kushika pini mdomoni siku ya kwanza kabisa, alisema ndo fundi anavyotambulika. Nina miaka 19 na panja zinaniuma kila jioni, nilidhani ni macho. Hicho kijimto unakikata vipi?

FundiMajengo

Mwanangu toa hizo pini mdomoni leo hii.

Kata duara mbili za inchi nne kwa kitambaa kizito, jinsi au khaki ya sare inafaa. Shona kuzunguka uache mwanya wa vidole viwili, geuza, jaza vipande vya nguo ukandamize mpaka kiwe kigumu, kikiwa laini pini zitapenya zikuchome. Chini yake weka kipande cha boksi gumu kabla ya kufunga. Alaf lastiki ya inchi moja, pima mkono wako toa inchi moja ili kikae vizuri, unavaa mkono wa kushoto kama unashonea wa kulia. Ukishindwa njoo Majengo uulize fundi mwenye uzi mwekundu kwenye cherehani, nina viwili vya akiba, kimoja ni chako.